Ngamia wa Darasa la Sita

Kila asubuhi mama alimwekea binti yake kikombe cha maji kando ya sahani ya viazi, na kila asubuhi binti huyo alifanya jambo lile lile. Alingoja mama ageuke kutafuta ufunguo wa mlango, akayamwaga maji kwenye beseni la vyombo, kisha akakirudisha kikombe mezani kikiwa kitupu. Hakuyachukia maji. Alikuwa analinda cheo.

Cheo chenyewe kilikuwa Ngamia. Darasani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Ngamia alikuwa mwanafunzi awezaye kukaa shuleni tangu kengele ya saa moja na nusu asubuhi hadi kengele ya saa tisa alasiri bila kwenda msalani hata mara moja. Wavulana wenye vifua vipana walijaribu, wakaishia kukimbia wakiwa wamekunja miguu. Yeye, mwenye miaka kumi na miwili na mwembamba kama ufito, alikuwa amemaliza wiki sita mfululizo.

Mchezo huo ulizaliwa na kibao. Mwalimu wao wa darasa, ambaye pia alifundisha hesabu, alikuwa amechoshwa na wanafunzi waliokumbuka haja zao kila alipoandika sehemu ubaoni. Walitoka watano, wakarudi wawili. Wengine watatu walikutwa nyuma ya jiko la shule wakicheza karata. Basi akakata kipande cha mbao, akakitoboa, akakitia kamba na kukitundika kwenye msumari kando ya mlango. Kibao kimoja, wanafunzi sitini na wanane. Anayetaka kutoka anakivaa shingoni. Asiyekuwa nacho hatoki. Anayekivaa mara mbili kwa siku moja, jina lake linaandikwa kwenye kona ya ubao chini ya neno WATORO, na halifutwi mpaka Ijumaa.

Wale wacheza karata walikuwa watatu. Waliolipa walikuwa sitini na wanane. Kwa muda wa muhula mmoja tu, darasa zima lilikuwa limejifunza kuona haya kwa jambo ambalo kila binadamu hulifanya, awe mkubwa wa nchi au kichanga cha jana. Na watoto wakishaonewa bila wa kuwatetea, huugeuza uonevu kuwa mashindano.

"Ngamia, leo vipi? Nundu imejaa?" aliuliza jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kifutio kwa sababu alifuta kila alichoandika mara tatu kabla ya kuridhika.

"Imejaa mpaka wiki ijayo," Ngamia alijibu, na dawati zima la mbele likacheka.

Siku hiyo hakucheka sana. Tangu Jumapili alikuwa anasikia moto kila alipokwenda haja ndogo nyumbani. Mkojo wenyewe ulikuwa kidogo, wa rangi ya chai iliyokolea majani, na haukupita muda kabla hajahisi anataka kwenda tena. Alijiambia ni joto tu. Jumanne maumivu yalihamia mgongoni, upande wa kulia, chini kidogo ya mbavu. Jumatano alasiri alifika nyumbani akitetemeka kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo, akajifunika shuka mbili katikati ya jua kali.

Mama yake alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na hakurudi kabla ya saa kumi na mbili. Aliyemkuta Ngamia kitandani ni shangazi yake, dada wa baba, aliyeishi mlango wa tatu na aliyekuwa na jibu la kila swali, hata lisiloulizwa.

"Tazama macho yake!" shangazi alimwambia mama, mara mama alipoingia. "Wifi, mtoto huyu amejaa sumu. Damu imechafuka. Nimeona mwenyewe mambo haya."

"Ana homa, wifi. Nampeleka kituo cha afya."

"Sasa hivi? Utakuta foleni mpaka barabarani. Msafishe kwanza, kesho uende naye akiwa mwepesi."

Akatoa kwenye mkoba chupa ya kimiminika cha kahawia. Alikuwa ameinunua kwa mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliyesimama mbele ya maduka kila siku ya soko. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa moyo, ini na figo mbili, zote zikiwa na nyuso na zote zikitabasamu. Chini yake paliandikwa kwamba dawa hiyo husafisha damu, figo, ini, tumbo na kuondoa uchovu wa kila namna.

"Bado kufua nguo tu," mama alisema, akiisoma chupa. Lakini alikuwa amesimama mbele ya pasi ya moto tangu asubuhi, mtoto alikuwa analia, na wifi yake alikuwa na hakika kuliko yeye. Aliukubali ushauri huo, na baadaye hakujisamehe upesi.

Ngamia alikunywa nusu kikombe. Kabla ya saa tatu usiku alikuwa amekwenda chooni mara nane.

"Unaona?" shangazi alisema kwa furaha. "Uchafu huo! Unatoka wote!"

Kulipokucha midomo ya Ngamia ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani na hakuweza kusimama bila kushikwa. Mama hakumwuliza mtu tena. Alimbeba mgongoni kama alivyombeba akiwa na miaka miwili, akaenda naye kituo cha afya. Shangazi alifuata nyuma akiwa ameshika chupa, maana mama alimwambia, "Njoo nayo. Utaieleza mwenyewe."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Alimsikiliza shangazi akieleza habari za damu iliyochafuka na chupa aliyoinunua kwa mtu mwenye kipaza sauti. Alimpima Ngamia homa, akambonyeza tumbo, kisha akamgonga taratibu mgongoni, upande wa kulia. Ngamia alipiga ukelele. Daktari aliandika neno moja kwenye karatasi, figo, na kuagiza mkojo upimwe.

Majibu yaliporudi, alikuwa ameshika kichupa chenye mkojo wa Ngamia. Ulikuwa wa kahawia na wenye ukungu kama maji yaliyooshewa brashi za rangi.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?" alimwuliza.

"Mengi," Ngamia alisema.

"Anakunywa, daktari," mama aliongeza. "Kila asubuhi namwekea kikombe kizima."

"Hapa kuna mashahidi wawili," daktari alisema. "Mmoja ni huyu binti, mwingine ni kichupa hiki. Hawakubaliani. Kichupa hakina sababu ya kunidanganya."

Kisha Ngamia akaanza kulia, na ndani ya kilio hicho yakatoka yote: beseni la vyombo, cheo, kibao, kona ya ubao. Mama yake alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Daktari aliweka kalamu chini.

"Kibao," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Mnakivaa shingoni."

"Ndiyo."

"Ng'ombe huvishwa kengele ili asipotee. Nyinyi mnavishwa mbao ili mwende haja ndogo." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini, lakini mkono wake ulikuwa umekunja ngumi juu ya meza. "Haya. Sogea, nikuonyeshe mlichokuwa mnashindania."

Aligeuza karatasi na kuchora figo mbili, mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye figo hizo, kisha mfuko mmoja.

"Hizi ni figo zako. Kila moja ni kubwa kama ngumi yako. Damu yako yote hupita humo mara nyingi kila siku. Figo huchuja: kinachofaa hurudi kwenye damu, taka na maji yaliyozidi hushuka na mirija hii mpaka kwenye kibofu. Huo ndio mkojo. Ini nalo hufanya kazi yake. Sumu inayozaliwa mwili unapotumia chakula, ini huibadilisha, nazo figo huitoa. Mapafu hutoa hewa chafu. Utumbo hutoa makapi ya chakula. Kazi hii inaendelea ukiwa umelala, na hukuinunua kwa mtu mwenye kipaza sauti."

Shangazi alikohoa.

"Sasa, figo zinahitaji maji ili zioshe. Ukizinyima, mkojo unakuwa mchache na mzito. Tena kuna bakteria wanaoishi kwenye utumbo bila kukudhuru. Wakipanda kwenye njia ya mkojo, ambayo kwa msichana ni fupi, mkojo unapotoka huwasukuma nje. Ndiyo sababu tunakwenda. Wewe uliwafungia mlango ndani kwa karibu saa nane kila siku. Walikula, wakazaana, wakapanda mpaka hapa." Aliweka ncha ya kalamu kwenye figo ya kulia. "Damu yako haikuchafuka. Una bakteria kwenye figo. Wameonekana kwenye darubini."

"Lakini daktari," shangazi alisema, "alipokunywa ile dawa, uchafu ulitoka. Tumeuona kwa macho yetu!"

"Mlichokiona ni chakula cha jana na maji ya mwili wake. Mtoto aliyekosa maji kwa wiki sita, mmemkausha zaidi kwa usiku mmoja. Shangazi, hata ungemnywesha chupa kumi, zote zingepita tumboni. Bakteria wako kwenye figo. Ni kama nyumba yako inaungua, wewe unamwagia maji nyumba ya jirani."

"Yule bwana alisema imepimwa."

"Na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza Ngamia kumwona shangazi akikosa jibu. Aliiweka chupa mezani, uso wake ukatazama ukutani.

"Figo yake itapona?" mama aliuliza.

"Mmewahi. Mngengoja, ningesema vingine. Bakteria wa figo wanaweza kuingia kwenye damu, na hapo tunazungumza habari za kufa na kupona. Wanaweza kuacha kovu, na figo yenye kovu haichuji kama zamani."

Ngamia alilazwa siku tatu, akiwekewa maji na dawa kwa sindano, kisha akapewa vidonge vya kumeza nyumbani. "Hata ukijisikia mzima siku ya pili," daktari alimwonya, "utavimaliza. Ukiacha nusu, unawaua bakteria wanyonge na kuwabakiza wakorofi." Alimwandikia pia barua ya shule: mwanafunzi huyu aruhusiwe kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote.

Jumatatu iliyofuata Ngamia aliingia darasani akiwa na chupa ya maji mkononi. Hakuna aliyeitazama. Kundi lilikuwa limemzunguka Kifutio.

"Ngamia mpya!" walimpigia kelele. "Siku nne kamili tangu Jumanne! Wewe wa zamani, umevuliwa!"

Kifutio alicheka, lakini midomo yake ilikuwa mikavu, na alikaa kwenye ncha ya dawati akiwa amebana magoti. Ngamia aliujua mkao ule. Alikaa hivyo wiki sita.

"Unasikia moto ukienda?" alimnong'oneza.

Kifutio aliacha kucheka. "Kidogo. Wewe umejuaje?"

Ngamia alikuwa amelala siku tatu akijilaumu kwa uongo wake wa kikombe, na lawama hiyo alistahili. Lakini sasa alitazama madawati, midomo mikavu, na kile kibao kikining'inia msumarini kama kitu cha heshima, akapandwa na hasira ambayo hakuwa ameijua. Huu haukuwa uongo wake peke yake.

Mwalimu alipoingia, Ngamia alimpelekea barua. Mwalimu aliisoma yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kusoma nusu nusu.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Wewe utatoka unapotaka. Keti."

Ngamia hakuketi.

"Na wengine, mwalimu?"

"Barua ni yako."

"Figo ni za wote, mwalimu."

Hakuna aliyewahi kumjibu mwalimu huyo baada ya neno "keti".

"Unabishana nami?"

"Hapana, mwalimu. Kifutio anasikia moto. Mimi nilianza hivyo hivyo. Ukiniruhusu mimi tu, nitakaa hapa na barua yangu nimtazame akiugua." Aliinyoshea barua kidole. "Siitaki hiyo ruhusa."

"Ofisini," mwalimu alisema. "Na mzazi wako aitwe."

Mama alikuja wakati wa chakula wa kiwandani, akiwa bado na aproni ya kazini na alama ya zamani ya pasi kwenye mkono. Ofisini walikuwamo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na Ngamia aliyesimama ukutani.

"Mama, binti yako ni mwanafunzi mzuri," mwalimu wa darasa alianza, "lakini amekataa amri mbele ya wenzake. Kibao kile hakikuwekwa kwa ukatili. Walikuwa wanatoroka. Na saa ya mapumziko ipo. Kila mtu anaweza kwenda wakati huo."

"Anaweza?" mama aliuliza. "Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu, na mimi niliishia darasa la saba. Nisaidie kupiga hesabu moja. Mapumziko ni dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Wasichana shule nzima?"

"Mia tatu na ishirini," mwalimu mkuu alijibu.

"Vyoo vyao?"

"Sita." Mwalimu mkuu alisita. "Viwili tumefungia madawati mabovu. Vinne."

"Haya, mwalimu. Vyoo vinne, dakika ishirini, wasichana mia tatu na ishirini. Kila mmoja anapata muda gani?"

Mwalimu hakuhitaji karatasi. Lakini alichukua karatasi, akaandika, akagawanya, kisha akagawanya tena kwa njia nyingine, kama afanyavyo mtu asiyependa jibu alilopata.

"Sekunde kumi na tano," alisema.

"Kufungua mlango, kujisaidia, kujifunga nguo na kunawa mikono," mama alisema. "Sekunde kumi na tano! Mimi shati moja la hoteli linanichukua dakika tatu, na shati halina figo. Mwanangu alinidanganya kuhusu maji, nami nimeshamwambia yake. Nilimnywesha dawa ya barabarani, na hilo ni langu, nitalibeba. Lakini hesabu hii ni ya nani?"

Mwalimu aliendelea kuitazama karatasi. Hatimaye aliikunja na kuitia mfukoni.

"Ni yangu," alisema. "Na sikuipiga."

Alasiri hiyo hiyo madawati mabovu yalitolewa kwenye vyoo viwili, na wazazi wawili mafundi waliahidi kuyatengeneza. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni viliwekwa mlangoni mwa vyoo. Mwalimu mkuu aligawa mapumziko ili madarasa ya chini yatoke kwanza na ya juu baadaye. Kifutio alipelekwa kituo cha afya na mama yake siku hiyo hiyo. Bakteria walikutwa wangali kwenye kibofu, hawajapanda. Alipewa vidonge, hakulazwa.

Kesho yake msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akafuta kona ya ubao mpaka neno WATORO likapotea kabisa, kisha akageuka.

"Niliona watu watatu wakitoroka," alisema, "nikawaadhibu sitini na watano wasiotoroka. Hiyo ni hesabu mbovu, na mwanafunzi angeniletea ningempa sifuri. Mbaya zaidi, niliwaacha mkaamini kwamba anayeushinda mwili wake ni shujaa. Mwili si adui wa kushindwa. Unajisafisha wenyewe, usiku na mchana. Unawaomba mambo machache tu: maji, usafi na nafasi ya kutoa taka. Mtu akiwanyima hayo, hata akiwa mimi, semeni. Msimfiche mzazi, msimfiche daktari, na msijifiche nyuma ya cheo. Na mtu akiwauzia chupa ya kuwasafisha, mwulizeni nani ameipima." Alimtazama Ngamia. "Nawe, niliita ukaidi kile ambacho kilikuwa ukweli. Nisamehe."

Ngamia hakujua mtoto humjibu nini mwalimu anayeomba msamaha. "Ndiyo, mwalimu," alisema, na baadhi ya watu wakacheka, mwalimu akiwa mmoja wao.

Kisha akachukua chaki na kuandika swali la kwanza la sehemu. Mkono ukanyanyuka nyuma.

"Mwalimu, naomba kwenda msalani."

"Nenda."

Akanyanyuka mwingine, na mwingine, mpaka wakawa saba. Mwalimu alitazama mlango, akaitazama chaki.

"Nendeni," alisema.

Alisimama pale bila kuandika. Alisikia nyayo zikienda, maji yakichuruzika kwenye ndoo, mtu akigombania sabuni. Baada ya dakika chache nyayo zikaanza kurudi. Aliwahesabu wakiingia, mmoja mmoja, mikono ikiwa bado inadondosha maji. Walipotimia saba, aligeukia ubao na kuendelea na sehemu.